Sikio la Aano

Kijana wa kliniki aliniuliza swali dogo, nami nikashindwa kulijibu. Tulikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, mimi na binti yangu na paka wake ndani ya kikapu, kwa sababu ilikuwa siku ya bei nafuu na nusu ya mtaa wetu hapa Nairobi ilikuwa imeleta mbwa na paka wao wafungwe kizazi. Zamu yetu ilipofika kijana alijaza fomu, akampima paka uzito, kisha akauliza bila kuinua macho, "Na ncha ya sikio tukate, ama tuache?" Harufu ya spiriti na ile dawa ya zambarau ilikuwa tayari imenipanda kichwani. Nikamwambia anipe dakika moja. Binti yangu akanitazama kana kwamba nimeulizwa jina langu nikalisahau.

Nyinyi wa rika langu, hasa mliokulia kwetu, mtanielewa nikiwaeleza jinsi sikio la paka lilivyoweza kunifunga mdomo mbele za watu.

Nililelewa Garissa, katika bulla moja karibu na mto, mtaa ambao asubuhi yake ilianza kwa mikokoteni ya punda ikipandisha maji. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vya mabati. Nyuma yake Ayeeyo, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa amejijengea kibanda chake cha fito na mikeka, akisema mabati ni ya kuanikia nyama, si ya kulalia mtu. Hooyo, mama yangu, aliuza maziwa ya ngamia. Yalifika kwa pikapu kutoka upande wa Modogashe, ndani ya vidumu vilivyofukizwa moshi, na hadi leo nikinusa moshi kwenye kitu cha kunywa, mate hunijaa mdomoni. Baba alikuwa dereva wa lori, tukimwona kwa nadra, kwa hiyo mwanamume wa nyumba alikuwa Abti, kaka yake Hooyo, mtu mpole ambaye alitupiwa kila kazi ambayo wengine hawakuitaka.

Moja ya kazi hizo ilikuwa kuwaondoa watoto wa Aano.

Aano maana yake ni maziwa, na paka wangu alikuwa mweupe hivyo, isipokuwa doa la kijivu kwenye mkia. Alitujia baada ya mvua kubwa, ile iliyokata barabara hata chakula kikaletwa kwa ndege. Mto ulipofurika mashambani, panya walihamia kwa watu, na paka wakawafuata. Aano aliingia siku moja akiwa amelowa chepechepe, akaketi kando ya vidumu vya Hooyo, na hakugusa tone. Jambo hilo Hooyo aliwasimulia wateja wake kwa miezi, kama vile yeye ndiye aliyemfundisha. Panya waliisha ndani ya wiki mbili. Nikaambiwa paka ni wangu, nami nilikuwa sijawahi kuambiwa kitu chochote ni changu, maana hata viatu vyangu vilikuwa vya binamu kabla ya kuwa vyangu.

Shida ilikuwa moja tu. Aano alizaa. Alizaa chini ya kitanda, akazaa ndani ya gunia la unga, akazaa juu ya nguo za Idi za Hooyo. Kila mara watoto walipofumbua macho, Abti alichukua katoni ya mafuta ya kupikia, akawapanga ndani, akaifunga kwa kamba ya buluu, akaenda nao machinjioni. "Huko kuna nyama," aliniambia, "watashiba kuliko sisi." Nikamwamini kabisa. Kichwani mwangu nilijenga mji mzima wa paka weupe huko machinjioni, wakinenepa, wakinikumbuka. Nilipanga siku moja nikawatembelee.

Nikaenda. Hooyo alinituma matumbo, nami badala ya kurudi moja kwa moja nikazunguka nyuma ya ukuta. Mnawajua wale korongo wetu wakubwa wenye vipara, wanaotembea mjini kama wakaguzi. Watatu walikuwa wamesimama bila haraka, wameshiba. Karibu yao palikuwa na katoni iliyopasuka, na kwenye katoni kulikuwa na kamba ya buluu.

Nililia njia nzima, matumbo yakinidondokea miguuni. Abti aliponiona hakuhitaji kuuliza. Alichuchumaa mbele yangu, akasema, "Nilijua utajua siku moja. Nisamehe." Nilimsamehe baada ya siku nyingi. Hooyo yeye hakuwa mtu wa kubembeleza. Alikuwa ndiyo kwanza amefua zile nguo za Idi, doa limekataa kutoka. "Akizaa tena," akasema, "Abti atachukua katoni kubwa zaidi. Mama na wanawe."

Hooyo akisema jambo amelisema. Nilianza kumlinda Aano asitoke nje. Nilimfungia, nikamfunga kamba, nikawatupia mawe madume yaliyokuja kuimba ukutani. Kila mwenye paka anajua nilikuwa nacheza tu.

Wakati huo katika nyumba za serikali aliishi daktari wa mifugo aliyetoka Kenya. Ndivyo tulivyosema, "ametoka Kenya," kana kwamba sisi tulikuwa kwingine. Alikuwa Mkamba mrefu sana, na watu wetu hukupa jina la umbo lako kabla ya kukuuliza lako, kwa hiyo aliitwa Dheere, mrefu, na naamini wengi walimzoea miaka yote bila kujua jina lake halisi. Mchana alishughulika na mbuzi, ng'ombe na ngamia wa watu. Lakini baada ya saa za kazi, kwenye veranda yake, alifanya jambo lililoufanya mtaa mzima ucheke: alihasi mbwa na kuwafunga paka kizazi.

Alikuwa na sababu yake. Kila paliposikika habari ya kichaa cha mbwa, walipita watu wenye bunduki wakiwapiga mbwa risasi barabarani, na Dheere hakuipenda sauti ile. Sisi watoto tuliipenda, Mungu atusamehe. Yeye alisema mbwa aliyechanjwa na asiyezaa hahitaji risasi, na paka asiyezaa hahitaji katoni. Bei yake ilikuwa kama ya kilo moja ya sukari, na asiyekuwa na pesa alileta chupa ya maziwa. Mbwa walikuwa Jumanne, wakiletwa na walimu na polisi, watu wa bara kama yeye. Paka walikuwa Alhamisi. Katikati ya siku hizo mbili aliiosha meza mara saba, mara ya kwanza kwa mchanga, kwa sababu mzee mmoja wa msikiti alimweleza kwamba ndivyo tunavyosafisha kilichoguswa na mate ya mbwa. Dheere hakuwa Mwislamu, lakini alisema maji ya ziada hayajawahi kumuumiza mtu. Nilimwona kwa macho yangu akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, maana mimi ndiye niliyempelekea maziwa ya Hooyo kila asubuhi.

Nilimweleza Ayeeyo habari za veranda ile. Yeye alikuwa amechunga wanyama maisha yake yote mpaka ukame ulipowamaliza na kumleta mjini, na hakuna la mnyama lililomshangaza. Hili lilimshangaza.

"Beberu anahasiwa anenepe, aliwe," akasema. "Haya, paka huyo mtamla lini?"

Nyumbani tulizungumza Kisomali, na Kisomali cha Ayeeyo kilikuwa kikali na kisafi. Hapa namtafsiria tu, na najua nampunguzia.

Lakini hakucheka muda mrefu. Paka wa jirani alirudi kutoka kwa Dheere tumbo limeshonwa, na ncha ya sikio la kulia haipo. Wiki iliyofuata wakarudi wengine wawili, sikio la kulia, ncha haipo, mkato ule ule ulionyooka. Ayeeyo alimkamata mmoja wao, akamshika sikio kati ya vidole viwili, akalichunguza juani kwa muda mrefu. Nikaona uso wake umebadilika.

Lazima niwaambie Ayeeyo alikuwa nani mbele ya sikio. Ngamia kwetu huchomwa sumad, alama ya chuma cha moto, na mbuzi na kondoo hukatwa masikio, kila ukoo kwa mkato wake. Ayeeyo alikuwa hajui kusoma herufi hata moja, lakini soko la mifugo alilisoma kama gazeti. Aliketi ukingoni Jumatano, siku ya soko, na kuniambia: yule wa Kotile, yule wa watu wa mjomba wako, yule alitolewa mahari ya mwanamke wa Ijara. Siku moja alimwona kondoo ambaye mkato wa zamani wa sikio lake ulikuwa umefichwa kwa mkato mpya. Akainuka akapiga ukelele wa mwizi. Wanaume walimcheka, kisha mwenye kondoo akaanza kutokwa na jasho, na kabla ya adhuhuri ilijulikana kondoo ni wa nani na alipotea lini. Tangu siku ile, kwangu mimi, Ayeeyo hakuweza kukosea juu ya mnyama. Labda juu ya watu, lakini mnyama hapana.

Kwa hiyo aliposema, "Huyu mrefu anakusanya mifugo," niliacha kucheza nikamsogelea.

"Mifugo gani, Ayeeyo?"

"Hawa. Kila anayemgusa anamtia alama yake. Sikio la kulia, ncha, mkato mmoja. Ni alama nzuri, haifanani na ya ukoo wowote ninaoujua. Mtu mwenye akili. Anakuachia umlishe wewe, umlee wewe, naye siku ya kuondoka anakuja kuchukua walio wake."

Hooyo akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, paka si ngamia!"

"Na sikio je, si sikio?" akajibu Ayeeyo.

Nilikuwa na miaka tisa na nilipaswa kuchagua nimwamini nani. Hooyo alijua bei za maziwa. Ayeeyo alijua masikio. Na kila nilichokiona kwa Dheere kilimuunga mkono Ayeeyo. Alikuwa na daftari ambamo aliandika kila paka, rangi yake na nyumba yake. Baada ya siku kumi alipita nyumba kwa nyumba kuwatazama, akichuchumaa na kuwapapasa, kama mwenye mali anayekagua zizi. Akikutana na paka njiani, alitazama sikio kwanza. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mkewe, "Huyu ni wangu, yule bado."

Basi shauri langu lilikuwa hili. Nisipompeleka Aano, atazaa, na Abti atachukua katoni kubwa. Nikimpeleka, hatazaa, atabaki nyumbani, lakini hatakuwa wangu tena. Atakuwa wa Dheere, nami nitakuwa mchungaji wake tu, mpaka siku atakapokuja kumchukua. Nililizungusha jambo hilo kichwani madrasa, shuleni, na nikibeba maziwa. Nilijaribu kutafuta njia ya tatu na sikuiona. Kisha asubuhi moja dume la jirani liliingia dirishani, nami nikapiga moyo konde. Nilikwenda kwa Hooyo nikamwomba chupa moja ya maziwa ya kulipia. "Chukua," akasema, "hata mbili, kama zitaninyamazishia nyumba."

Alhamisi nilimbeba Aano kwa kikapu chenye kifuniko cha kitambaa. Njiani nilimwomba msamaha.

Dheere alifurahi kuniona. "Eh, leo umeleta maziwa na mwenye maziwa!" Alimdunga sindano ya usingizi, na nilipotaka kukimbia akaniambia nikae nimshike mguu, asiamke akiwa peke yake. Vyombo vyake vilikuwa vikichemka kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Alimnyoa tumbo kwa wembe, akapaka dawa ya zambarau, na kutoka hapo nilitazama ukuta. Nakumbuka harufu ya spiriti, na mkewe ndani akiosha vyombo na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na mguu wa Aano ukiwa mzito mkononi mwangu. Alipomaliza kushona alichukua makasi.

"Hilo la sikio," nikamwuliza kwa Kiswahili changu cha shule, "ni lazima?"

"Lazima, mama. Mimi nitamjuaje? Nikiliona sikio, najua huyu ni mmoja wa wangu."

Nikasema sawa. Makasi yakalia mara moja. Kipande kidogo, kama ukucha, kikaanguka kwenye gazeti, na mimi nikajua kwamba nimempa mtu mwingine kitu pekee nilichokuwa nacho. Wala sikulia. Niliona kwamba mtu anayetoa hapaswi kulia mbele ya anayepewa. Nililia nilipofika kwenye mikokoteni ya punda, ambapo kila mtu ana vumbi machoni.

Sasa hapa ndipo Ayeeyo aliponishangaza. Nilidhani atanigombeza. Aliniona nikimlaza Aano kwenye gunia, akatazama sikio. Jioni ile akaleta bakuli lake mwenyewe la maziwa na kuliweka mbele ya paka, yeye ambaye maisha yake yote alisema paka hulishwa na panya.

"Ni amana sasa," akaniambia. "Mnyama wa mtu hakondi mikononi mwetu."

Na hakukonda. Miezi iliyofuata Aano aliishi maisha ambayo sisi watoto hatukuyajua. Alikula kabla ya Abti. Ayeeyo alimtoa kupe, akamtafutia kivuli, akamkaripia kila mtoto aliyemvuta mkia: "Mtajibu nini kwa mwenyewe?" Dheere alipokuja kutoa nyuzi, alimkuta mnene na anang'aa, akasifu. Ayeeyo alipokea sifa zile kwa kichwa kilichoinuka, kama mchungaji mbele ya tajiri. Hakuna watoto waliozaliwa chini ya kitanda. Nguo za Idi za mwaka ule zilibaki safi, na Hooyo alikuwa wa kwanza kuwaambia wanawake wa sokoni wawapeleke paka wao Alhamisi. Ni mimi tu niliyeishi na roho mkononi. Kila Dheere alipopita na kumsalimia Aano kabla ya kutusalimia sisi, nilijua anahesabu siku.

Siku ikafika. Niliwapelekea maziwa asubuhi, mkewe akaniambia nimwambie Hooyo kwamba watachukua hadi Ijumaa tu, barua ya uhamisho imekuja. Nilirudi nyumbani nikawaambia. Hooyo alisikitika kwa mteja mzuri. Ayeeyo alivaa viatu.

Jumamosi lori lilisimama mbele ya nyumba za serikali. Katika bulla yetu milango mingi ilikuwa imefungwa, na nyuma ya milango hiyo ulisikia paka wakilia, wamefungiwa. Ayeeyo alipita akiitazama milango ile kwa dharau. "Wezi," alisema, bila kupunguza sauti. Mimi nilikuwa mbele yake na kikapu. Nilikuwa nimemwosha Aano uso. Nilikuwa nimemwekea kitambaa chake.

Dheere alikuwa amesimama kati ya viti na masufuria, akimwelekeza dereva. Nikaweka kikapu miguuni pake.

"Nimekuletea mali yako," nikasema.

Akafunua kitambaa. "Aano? Anaumwa?"

"Haumwi. Ni wako. Unaenda, kwa hivyo nimemleta."

Akanitazama, akamtazama paka, akamtazama Ayeeyo. Ayeeyo akasonga mbele na fimbo yake, akatumia Kiswahili chake cha sokoni, ambacho alikitoa kwa nadra kama nguo ya wageni.

"Daktari, sikiliza. Hii baka ni yako. Sikio yake nasema ni yako. Watu ingine nafunga mlango, sisi habana. Sisi nalisha yeye fisuri, wewe angalia mwili. Chukua."

Dereva akaanza kucheka. Dheere hakucheka. Alisimama akiwa ameshika kitambaa, macho yake yakienda kwenye sikio, kisha kwenye milango ile iliyofungwa ng'ambo ya barabara, kisha kwangu. Akavuta kiti kimoja kutoka kwenye mizigo, akakaa, urefu wake wote ukakunjika.

"Kwetu pia tunakata masikio ya ng'ombe," akasema polepole. "Baba yangu alikata. Mimi nilikata haya ili nisimpasue paka mmoja mara mbili. Mtoto, tangu ile Alhamisi ulikuwa unajua hivi? Ulikuwa umenipa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kutoka hapo sikuweza kujizuia, nikalia mbele ya yule niliyempa.

Angeweza kuniambia nimekosea, paka ni wangu tangu mwanzo, nenda nyumbani. Ingekuwa kweli. Lakini alikuwa ameishi na wafugaji, na alijua kwamba nilikuwa nimetoa, na aliyetoa haambiwi hakutoa. Akainuka. Akamgeukia Ayeeyo, si mimi.

"Mama, huyu paka ni wangu, umesema kweli. Umemtunza vizuri, asante. Sasa mimi nampa huyu msichana. Dereva huyu ni shahidi, na mke wangu ni shahidi."

Ayeeyo aliwatazama mashahidi, akaridhika. Kisha akaniambia kwa Kisomali, ili jambo liende kama linavyopaswa kwenda, sheria ya mnyama wa kupewa: atabaki na alama ya aliyempa mpaka afe, na hiyo haifutwi, ni heshima, watoto wake ndio watakaokatwa kwa alama yako, na hapo ndipo utakapokuwa na chako kabisa.

Nikafuta pua. "Lakini Ayeeyo, huyu hazai."

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Ayeeyo amekwama juu ya mnyama. Aliegemea fimbo. Dheere akauliza nimesema nini, nikamtafsiria. Tulisimama hapo, mtaalamu wa masikio na mtaalamu wa matumbo, na mimi katikati, na Aano akijilamba kikapuni.

"Basi ni wenu wawili," Ayeeyo akasema mwishowe. "Wewe unamlisha, yeye anabaki na alama yake. Na akifa, mwenye alama ataambiwa. Ni haki yake kuambiwa."

Dheere alipotafsiriwa maneno hayo, aliweka mkono kifuani. Akapanda lori. Milango ya bulla ikaanza kufunguka mmoja mmoja, na paka wenye masikio pungufu wakatoka nje kujinyoosha juani.

Aano aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa kidato cha pili siku aliyolala kivulini nyuma ya kibanda na hakuamka. Macho ya Ayeeyo yalikuwa yamefifia; akalipapasa sikio lile mara moja, akaniambia nimwite Abti. Abti akaenda stendi ya malori. Alizungumza na dereva mmoja wa kuelekea Kitui, kwao Wakamba, na dereva huyo akakubali kumwuliza dereva mwingine, na maneno ya Ayeeyo yakapanda lori kama alivyoyasema: mwambieni Dheere mnyama wake amekufa, na hakukonda.

Sijui kama yalifika. Nataka kuamini yalifika. Ayeeyo hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Yeye alikuwa amefanya lake. Alitutoka mwaka uliofuata, na mpaka mwisho alikuwa akiniuliza kama majibu yamekuja, si kwa kusubiri, kwa kuulizia tu mtu anavyoendelea.

"Mama," binti yangu akanivuta mkono. Kijana wa kliniki alikuwa bado ameshika kalamu, nyuma yetu foleni ikianza kunung'unika.

"Kata," nikamwambia. "Na uniandikie namba yako ya simu, kijana. Siku akifa nitakupigia."

Akacheka, akidhani namtania. Lakini aliiandika. Niliikunja vizuri, nikaitia ndani ya pochi, mahali ninapoweka vitu vya watu.